Mchi wa Wake Wenza

Siku Biubwa alipoangushwa na kiharusi kwenye shamba lake la mihogo, bondeni Kisarawe, majirani walimbeba kwa machela hadi nyumbani, na yote yaliyofuata yalifanywa kwa mapenzi. Mdomo uliopinda ulinyooka baada ya siku chache. Mguu ukarudi kidogo kidogo. Mkono wa kulia tu ndio uliobaki kama si wake. Mumewe, Mwinyijuma, akaufunga kifuani kwa kipande cha shuka ili upumzike. Ukapumzika miezi minne. Ulipofunguliwa, kiwiko kilikuwa kimekakamaa na vidole vimeuma kiganja kama kucha za kuku zilivyouma kijiti.

Ndipo Mwinyijuma akatuma neno Gwata kwa Kitwana, kaka yake Biubwa: mavuno yakiisha, aje amchukue dada yake akapumzike kwao. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Biubwa alijua maana ya kupumzika huko. Angekaa kwenye mkeka wa wifi yake, alishwe, avishwe, hadi siku ya kuzikwa. Nyumba hii ya Kisarawe aliikandika mwenyewe kwa mkono huohuo, kabla ya vita ya Hitla. Hakutaka kuiacha.

Akajikongoja hadi zahanati. Dresa wa pale, kijana mfunga vidonda aitwaye Hilario, akamwamkia, akaushika mkono, akatikisa kichwa.

"Mama, nani alikwambia uufunge?"

"Walionipenda."

"Basi wasikupende tena namna hiyo."

Akamwonyesha. Mkono uingie kwenye maji ya uvuguvugu, vidole vifunguliwe kimoja kimoja, kiwiko kinyooshwe polepole. Pakianza kuuma, mtu asimame hapohapo, ahesabu hadi kumi, asilazimishe. Kisha mkono ulio mzima uubebe ule mgonjwa katika kila kazi ya mikono miwili. Asubuhi na jioni, bila kukosa.

"Sikuahidi utakuwa kama zamani," alisema. "Lakini utakuwa zaidi ya hivi. Nyumbani una nani wa kukusaidia?"

Biubwa akaufunika mkono kwa kanga. Hakuwa na binti. Nyumbani alikuwapo Zena.

Zena alikuwa mke mdogo, mwaka wa sita sasa, na miaka yote hiyo wawili hao hawakuzungumza zaidi ya salamu. Kila mmoja alikuwa na jiko lake, kinu chake, hata njia yake ya kwenda kisimani.

Jioni ile Biubwa akakaa uani na karai la maji, akihangaika peke yake. Zena alikuwa mlangoni kwake, anatazama.

"Mkubwa, huo mkono unauosha au unaupiga?"

"Unakuhusu nini?"

"Unanihusu sana. Wewe ukienda Gwata, ile mikoromo ya Bwana ataisikiliza nani zamu zako? Mimi! Siku zote saba! Sasa hivi angalau nalala."

Biubwa hakutaka kucheka. Alicheka hadi maji yakamwagika. Zena akaja, akachuchumaa, akashika kidole cha kwanza.

Haikuwa rahisi. Siku moja Zena alivuta kwa pupa, Biubwa akamtukana matusi ambayo hayasemeki mbele ya watoto. Zena akainuka akaenda kulia nyuma ya nyumba. Asubuhi alirudi na maji ya moto. Hakuna aliyeomba radhi. Walihesabu tu hadi kumi, safari hii kwa sauti moja.

Mwezi wa pili wa mazoezi hayo Zena akaleta mchi, ameuzungushia matambara ili uwe mnene na laini kushika. Akaviweka vidole vya kulia vya Biubwa juu yake, na mkono wa kushoto juu ya vidole, kisha yeye akashika kwa upande wa pili. Wakainua pamoja.

"Juu, Mkubwa! Mahindi gani hayo unayabembeleza?"

"Nitakubembeleza wewe kwa mchi huu."

"Uinue kwanza!"

Majirani walikuja kuchungulia, maana wake wenza kushika mchi mmoja halikuwa jambo la kila siku. Biubwa hakuwajali. Kila mchi ulipopanda, kiwiko kilifunguka kwa upana wa kidole.

Mavuno yalipokwisha, Kitwana akafika. Mwinyijuma, kwa furaha, akamwambia shemeji yake kwamba mkono umeanza kurudi.

"Haya dada, nyoosha tuone."

Biubwa akajaribu. Mbele ya macho ya wanaume wawili, vidole vikajifunga kama siku ya kwanza. Akajaribu tena. Vikakataa.

Kitwana akashusha pumzi. "Kusanya vitu vyako, dada. Kesho tunaondoka."

Zena alifungua mdomo. Biubwa akamzuia kwa jicho.

"Kaka, umetoka mbali na hujanywa maji."

Akaenda kwenye mtungi, akajaza kikombe cha bati. Kaka hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Akavikunjua vidole vya kulia, kimoja kimoja, akavizungusha kwenye kikombe, na wa kushoto akauweka chini ya kikombe tu, kuegemeza. Akaanza kutembea. Maji yakamwagikia kanga. Kitwana akainuka kumpokea.

"Kaa, shemeji!" Zena alisema. "Mwache afike."

Akafika. Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Kitwana akakipokea, akanywa yote, kisha akabaki anakitazama.

"Vidole hivi vilikuwa havikamati hata sindano," Biubwa alisema. "Sijapona. Lakini huko Gwata mtanifunga tena, kwa mapenzi, na hiki kidogo kitakufa. Mimi siendi."

Kitwana akamgeukia Mwinyijuma.

"Nilidhani namhurumia," alisema Mwinyijuma taratibu. "Abaki. Hapa ni kwake."

Kitwana akakuna kichwa.

"Kule kwetu yupo mzee Saburi, naye alianguka kama wewe. Mwaka wa pili huu mkono wake umefungwa kwa kanga ya mkewe. Na sisi wote tulisema ni vyema." Akavuta mkeka. "Nionyesheni basi."

Zena akaudaka mkono wa Kitwana mara moja, akaanza kumkunjua vidole. Kitwana akapiga yowe.

"Hivyo utamvunja mtoto wa watu," alisema Biubwa, akiketi pembeni yao. "Hebu sogea. Kaka, lete mkono hapa."