Volti Tano za Baridi

Mimi Hesbon sikubali makosa upesi, na wateja wangu wa sola hapa Bungoma wanajua. Lakini asubuhi ile ya Saboti nilikubali, tena nikiwa nimebeba mablanketi ya mama mkwe wangu.

Baba mkwe, mzee Absalom, hupumua kwa mashine ya oksijeni. Zamani aliendesha trekta huko Saboti, chini ya Mlima Elgon, akatamani kulala huko juma moja tena kabla mapafu hayajamkatalia kabisa. Mkewe, Mama Phelista, akanunua basi dogo kuukuu, akaniagiza nifunge sola ya kuendesha mashine mchana na usiku.

Betri nilichagua ya volti ishirini na nne. Mafundi wengi hufunga ya kumi na mbili kwa sababu gari lenyewe ni la kumi na mbili, lakini kwa mzigo ule waya zingepata moto na nguvu ingepotelea njiani. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kontrola, kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kuipimia betri. Yangu ilivumilia volti mia, basi. Paneli zangu mbili, zikiwa zimeungwa moja nyuma ya nyingine, ziliandikwa jumla ya tisini na nane. Ciru, anayeuza vifaa Kitale, alinishauri nichukue ya mia na hamsini, ati kwao asubuhi kuna baridi. Nikamcheka. Baridi na sola wapi na wapi? Nilipima Bungoma adhuhuri, nikapata tisini na moja, nikajipiga kifua.

Kisha Mama akaingiza kitanda, na mlango ukawa umefungwa kwangu. Kwetu mkwe haingii wanapolala wakwe. Sikujali, kazi ilikuwa imekwisha.

Tulifika Saboti jioni, wao kwa basi, mimi nyuma kwa pikipiki. Swichi ya paneli nilikuwa nimeizima kwa ajili ya safari. Kulipokucha vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Jua likatoka kali, hewa safi kabisa. Nikampa Mama mita ya volti kupitia dirisha, nikamwomba apime kabla ya kuwasha.

"Inasema mia moja na tatu," akasema.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Jua ni lile lile, paneli ni zile zile, na baridi niliyoidharau ilikuwa imeziongezea nguvu. Nilistaajabu hadi mwili ukanisisimka, halafu nikaogopa. Angewasha, kontrola ingeungua, na betri, baada ya kuendesha mashine usiku kucha, ilibakiza umeme wa saa moja tu.

Dawa ilikuwapo: kuziunga paneli bega kwa bega, zisijumlishe volti. Lakini waya zote zilishukia ndani, kando ya mto wao wa kulalia, na zilikuwa na umeme. Nikaeleza tu kwamba paneli zingefunikwa zisipate jua, umeme ungekatika na waya zingeshikika. Mama akavuta mablanketi yote mawili kitandani, akayatoa dirishani. Nikarudi nyuma. Hata kuyagusa ilikuwa aibu.

"Shika, Baba Wabwile," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Mila ilikuta watu wanapumua."

Nikashika. Nikapanda juu ya basi, nikafunika paneli, nikamwelekeza nikiwa huko huko. Mikono iliyozoea kufuma sweta ikalegeza skrubu, ikahamisha waya nne, ikakaza. Nilipofunua paneli alisoma hamsini na moja. Akawasha, akasema taa ya kijani imewaka na betri inajaa. Mama mkwe wangu! Mafundi niliowafundisha mwaka mzima hawafanyi hivyo.

Ndipo mzee akasema kutoka ndani tupunguze kelele, tutazame mlima. Nikageuka. Ulikuwa wazi wote, hadi kilele, na sikuwahi kujua ni mkubwa hivyo. Mashine ilikuwa ikivuma taratibu, naye akipumua nayo.

Nikampigia Ciru papo hapo, nikamwambia alisema kweli. Kisha nikashuka kurudisha mablanketi dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mama alikuwa amefungua mlango, amesimama kando, akiningoja.

Nikavua viatu.