Pipa Lililosogezwa

Siku tatu kabla ya tamasha la bia, Hedley Sugden alililaza pipa lake juu ya chanja cha mbao, uani mwa baa ya Kengele Tatu. Akalitia kabari huku na huku, akalifunika gunia lililolowa maji, kisha akawatangazia watu wa Skelbeck kwamba atakayeligusa ajihesabu hana mkono. Hakuwa anatania. Bia ya pipa ni kama mtoto mchanga aliyepata usingizi: mashapo yakishatuama chini, ukiitikisa kidogo tu umejitafutia balaa.

Alikuwa mtunza mapipa wa baa ile kwa miaka thelathini na mmoja. Desturi yao ilikuwa hii: Jumamosi ya tamasha, saa sita kamili mchana, mtunza mapipa humimina glasi ya kwanza, huiinua juani ili watu waone ilivyong'aa, kisha humpa amtakaye. Mwaka huo Hedley alikusudia kumpa mdogo wake, Amos.

Walikuwa hawajasemezana kwa miaka minne, na kosa lilikuwa la Hedley. Amos alikuwa mchonga fimbo za kutembelea. Hedley alipotimiza miaka sabini, mdogo wake alimletea fimbo yenye kichwa cha pembe ya kondoo dume, kazi ya majira mazima ya baridi. Hedley, kwa kutaka kuwachekesha watu, akaigeuzageuza na kusema mbele ya baa nzima, "Hii itafaa kuchochea moto." Watu walicheka. Amos aliiweka glasi yake mezani bila kuimaliza, akatoka. Tangu siku hiyo alinywea chumba cha upande wa pili.

Ulimi wa Hedley ulikuwa mwepesi kwa mzaha, lakini kwa samahani ulikuwa mzito kama nanga. Basi alimwendea Noreen, mwenye baa, akamwomba ampe Amos meza ya kuuzia fimbo karibu kabisa na mapipa.

"Kwa nini usimwambie tu kwa mdomo, mzee wangu?" Noreen aliuliza.

"Mdomo ndio ulioharibu."

Jumamosi kulikucha na mawingu, na wenyeji wakasema mvua haikosi. Wenye meza wakapanga bidhaa zao hivyo hivyo: vyungu, soksi za sufu, sabuni za maziwa ya mbuzi, chupa za jamu zilizovalishwa vitambaa. Wacheza ngoma wakazifunga njuga zao miguuni. Hedley alilikagua pipa alfajiri, akaridhika, akarudi nyumbani kupiga pasi shati na kutafuta tai. Aliporejea, saa sita kasorobo, jua lilikuwa likiwaka na uwanja umejaa. Amos alikuwa mezani kwake, akipangusa fimbo ambayo haikuwa na vumbi.

Saa sita ikagonga. Watu wakanyamaza. Hedley akafungua bomba, akaijaza glasi taratibu, akaiinua juu bila kuitazama, kama alivyozoea.

Hakuna aliyeshangilia.

"Hedley," akasema Clifford, tarishi wa kijiji, "hiyo ni bia au supu ya njegere?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hedley akaitazama glasi. Ilikuwa imechafuka kama maji ya kuoshea vyombo. Akageuka kulitazama pipa, na hapo ndipo alipogundua kwamba lilikuwa limehama hatua mbili kutoka mahali pake.

"Nani amesogeza pipa langu?" alinguruma. "Ni punda gani huyo?"

Watu wakatazamana. Kisha sauti ikatoka kwenye meza ya fimbo.

"Punda huyo ni mimi."

Yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kwa Amos kwa miaka minne.

"Wewe?"

"Jua lilipanda juu ya paa la kanisa. Gunia lako lilikuwa limekauka kau. Nikasema, bia ya kaka itachemka. Basi nikaliloweka gunia, nikalibingirisha pipa kivulini. Polepole."

"Ukalibingirisha!"

"Polepole sana, nimekwambia."

"Amos! Miaka hamsini unakunywa bia hapa, hujui kwamba pipa halibingirishwi?"

"Hiyo ni kazi yako. Yangu ni kunywa."

Watu wakacheka tena, lakini Hedley hakuwasikia. Alikuwa akifikiria jua. Yeye, mtunza mapipa, alilisahau jua kwa ajili ya shati. Na huyu, asiyempa hata salamu, alisimama asubuhi nzima akilichunga pipa lake.

Bia iliyochafuka humwagwa majanini. Kila mtu alijua hivyo, na kila mtu alingoja. Hedley aliipeleka glasi mdomoni akainywa yote, hadi tone la mwisho.

"Ole wa tumbo lako!" Noreen alipiga kelele. "Na choo changu ni kimoja tu!"

Hedley akajifuta midomo. "Ile fimbo, Amos. Nilisema upuuzi. Nilisema mbele ya watu, na mbele ya watu naufuta. Ni kazi nzuri. Natembea nayo kila siku kule nyuma ya nyumba, usikoniona."

Amos akaiweka chini fimbo aliyokuwa akiipangusa. "Imekuchukua miaka minne."

"Bia nzuri haiharakishwi."

"Hata hii?" Amos akaja, akajimiminia nusu glasi, akaonja, akakunja uso. "Kaka, hii ni mbaya kwelikweli."

"Itatuama kufikia kesho. Isipoguswa na punda."

Mapipa mengine yakafunguliwa, njuga zikalia, na tamasha likaendelea. Ndugu wawili wakavuta viti, wakalilinda pipa huku wakibishana ni nani kati yao aliyewahi kuanguka mtoni na baiskeli ya baba. Mwuza jamu alipotaka kuegesha trei yake juu ya pipa, walimfokea kwa pamoja hadi akakimbia.

Ilipofika saa tisa Hedley akasimama ghafla, mkono tumboni.

"Lilinde," alisema, akaondoka mbio kuelekea nyuma ya baa.

Amos akabaki peke yake na pipa. Jua lilikuwa limezunguka tena na kulifikia. Akalitazama jua, akalitazama pipa, kisha akavua koti lake, akalitandaza juu ya gunia, na mikono yake akaikalia.