Mbuzi wa Kiingereza wa Darasa la Sita

Mwalimu Katarina alimwosha mbuzi kwa sabuni, na balaa lote lilianzia hapo. Mwaka ule wa sabini na tano sabuni ilikuwa imeadimika. Duka la kijiji lilikuwa na rafu, kufuli na muuzaji, bidhaa hakuna. Kipande alichokuwa nacho alikitunza kwa ajili ya gauni lake la kanisani. Lakini kesho yake mkaguzi wa shule alikuwa anakuja kutoka wilayani, naye Katarina hakutaka zana yake ya kufundishia ionekane chafu.

Zana yenyewe ilikuwa mbuzi jike, mweupe, mali ya shule, aliyepatikana enzi zile kila shule ilipoambiwa ijitegemee. Watoto walimwita Mtendwa.

Tuseme kweli, Kiingereza kilikuwa kimewashinda watu wote katika kijiji kile cha ujamaa karibu na Rudewa, isipokuwa Katarina. Yeye alikipata kwa wamisionari huko kwao milimani, akakipenda kama wengine wanavyopenda chai ya maziwa. Mwaka uliopita mkaguzi alikuwa ameuliza kauli ya kutenda na kutendwa, darasa zima likamtazama kama linatazama mvua. Akasema hivi: akirudi asipomkuta hata mtoto mmoja anayeweza kuigeuza sentensi, kipindi cha Kiingereza kitafutwa, watoto watalima mihogo saa hiyo, na Mwalimu Katarina atahamishiwa Lumuma kusimamia kuku wa shule. Katarina alilia wiki nzima. Kuku hawakumtisha. Alichoogopa ni kukaa mahali ambapo kile kitu kimoja anachokijua vizuri hakitakiwi na mtu.

Ndipo akamleta mbuzi darasani. Simoni, ambaye alikuwa na nguvu, alisimama mbele kama mtenda. Costancia alisimama katikati kama tendo. Mbuzi alikaa nyuma na kamba shingoni. Simoni akivuta, darasa linasema kwa Kiingereza kwamba Simoni anamvuta mbuzi. Filimbi ikilia, mbuzi anapelekwa mbele, Simoni anakwenda nyuma, na Costancia anavaa kofia ya mlinzi kuonyesha kwamba tendo nalo limebadilika. Darasa linasema mbuzi anavutwa na Simoni. Watoto ambao ubao uliwafanya mabubu sasa walibwabwaja Kiingereza mpaka njiani. Mtendwa alivutwa, akahesabiwa, akasifiwa, akakaripiwa, yote kwa Kiingereza, na hakuwahi kulalamika.

Ila bila mbuzi hakuna aliyefungua mdomo. Huo ndio ulikuwa udhaifu wa mbinu yenyewe, na Katarina aliujua.

Basi asubuhi ya ukaguzi akamfunga Mtendwa nyuma ya darasa, msafi, amemvika na utepe mwekundu. Akaingia kupanga madawati. Huku nyuma akapita Mzee Urbanus, mwenyekiti wa kijiji, akiwa na mawazo tele. Mgeni wa serikali hawezi kulishwa mlenda, na wenye mbuzi wote walikuwa wamewapeleka malishoni alfajiri, mbali kuliko kawaida. Urbanus akamwona mbuzi wa shule anang'aa, ananukia sabuni, ana utepe. Moyo wake ukajaa shukrani. Ni nani atakayemwosha mbuzi kwa sabuni, tena katika shida hii, kama hakukusudia kumtoa kwa ajili ya mgeni? Akawaambia wanakamati kwamba huyu mwalimu wa milimani amelelewa vizuri. Saa nne nyama ilikuwa jikoni.

Mkaguzi alifika juu ya trekta, mavumbi mpaka kwenye kope. Kwa desturi mgeni haulizwi kilichomleta mpaka ale, kwa hiyo alipelekwa moja kwa moja kwa mwenyekiti. Katarina, aliyekuwa akiwakumbusha watoto mahali pa kusimama, alisikia harufu nzuri ikiingia dirishani, akafurahi kwamba mgeni anatunzwa.

Mkaguzi akaingia darasani na njiti mdomoni, Urbanus nyuma yake. Watoto wakasimama, wakaamkia, wakaketi. Mkaguzi akataka kutenda na kutendwa. Katarina akamtuma Simoni nje amlete Mtendwa. Simoni akarudi na kamba.

Ilikuwa kamba tupu, na utepe umening'inia. Katarina aliitazama kamba, akamtazama Urbanus, ambaye alimwitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayeshukuru. Hapo akaelewa ile harufu. Akakaa kwenye dawati la mbele pamoja na wanafunzi. Mkaguzi akangoja. Darasa likamtazama kama mwaka jana. Akaitoa kalamu mfukoni.

Ndipo aliposimama Siwema, binti mdogo kuliko wote, akaomba ruhusa ya kutoka. Akarudi amebeba bakuli la nyama iliyobaki kwa mwenyekiti, akaliweka mbele kabisa, pale mbuzi anapokaa. Costancia akavaa kofia, akasimama nyuma ya bakuli. Simoni akaenda kushika nafasi yake mwishoni. Siwema akamtoa. Simoni, alimweleza, hakuwa amemfanya huyu mbuzi kitu chochote.

Akaenda mbele ya mkaguzi, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Baba, tunakuomba usimame kule nyuma."

Mtu akishaitika marahaba kwa mtoto aliyepiga goti, atamkatalia vipi? Mkaguzi akaenda, akasimama mwisho wa mstari, nyuma ya mtoto mwenye kofia. Siwema akapuliza filimbi. Darasa zima, kwa Kiingereza safi, likasema mbuzi ameliwa na mkaguzi.

Basi likawa halizuiliki tena. Urbanus naye akaamkiwa, akaitika, akapangwa: mbuzi amechinjwa na mwenyekiti. Mke wake akaitwa na mwiko mkononi: mbuzi amepikwa na mke wa mwenyekiti. Akaletwa aliyepasua kuni, akaletwa aliyeonja chumvi, mstari ukatoka mlangoni mpaka kwenye mihogo. Katarina alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na hakujua kipi ni cha Kiingereza na kipi ni cha mbuzi.

Mkaguzi aliandika akiwa bado amesimama mstarini. Darasa limefaulu, kipindi kisiguswe, mwalimu abaki. Kisha sura yake ikabadilika. Shule, alisema, haiwezi kukaa bila zana ya kufundishia, na zana hii imeharibiwa na kijiji. Kijiji kitoe nyingine, na safari hii kiwe kitu ambacho kamati haiwezi kukichinja.

Kamati ilikaa siku mbili. Kuku walikataliwa, ng'ombe akakataliwa. Walipomaliza kuhesabu kila kilicho hai kijijini, kilichobaki kilikuwa mwenyekiti.

Kwa hiyo kila Jumatano Mzee Urbanus aliacha shughuli za kijiji akaenda darasani na kamba yake kiunoni. Alivutwa na Simoni, akahesabiwa, akasifiwa, akakaripiwa kidogo tu kwa sababu ya umri wake. Katarina alianza kwa kumwonea hasira, akaishia kumwekea kiti. Mzee mwenyewe alizoea, hata akafika mahali pa kujisahihisha.

Muhula uliofuata ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka mkoani anakuja kuiona mbinu hiyo. Siku ya siku Katarina alifika shuleni mapema, akamkuta Urbanus ameshakaa mlangoni, kaoga, kamba imefungwa vizuri, uso umepauka. Akaamkiwa, akaitika kwa shida. Kisha akamvuta mwalimu kando, watoto wasisikie.

"Mwalimu, huyo mgeni ameshaandaliwa mboga?"