Mgombea Aliyeota Mizizi Dutwa

Siku ya mnada Dutwa, Dinesh Ravji alihutubia akiwa amesimama chini, kati ya zizi la ng'ombe na wauza michembe ya viazi vitamu, kwa sababu gari la chama lenye jukwaa lilikuwa limekwama kwenye tope la Ngulyati. Alikuwa anagombea ubunge kwa upinzani, mara ya tatu. Mjini Bariadi alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki. Babu yake alikuja zamani kuchambua pamba, akasahau kuondoka. Dinesh mwenyewe alisema Kisukuma kabla ya lugha nyingine yoyote, na Kigujarati chake kilitosha kuombea chai tu.

Siasa alizianza kwa bahati mbaya. Kisima cha kata ya Ngulyati kilizinduliwa mara tatu bila kutoa maji, na katika uzinduzi wa tatu Dinesh peke yake hakupiga makofi. Watu wakamwona. Uchaguzi ulipofika wakampa udiwani. Maji yalipotoka hatimaye, utepe ulikatwa na mtu mwingine, na Dinesh akapewa kiti cha nyuma, karibu na choo. Ubunge alikuwa ameshaugombea mara mbili. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alishinda mpaka umeme ulipokatika.

Siku hiyo ya mnada, alipokuwa akieleza habari za mbegu za pamba zilizogoma kuota, mtu mmoja aliyevaa fulana yenye picha ya mpinzani wake, Kasmiri Mboje, akapaza sauti:

"Rudi kwenu!"

"Kwetu ni nyuma ya stendi ya Bariadi," Dinesh akajibu. "Twende wote, bodaboda nalipa mimi."

Watu wakacheka. Akataka kupiga hatua moja mbele, kama wasemaji wafanyavyo wakichekewa. Mguu ukakataa.

Mkewe, Esteria, aliazima kisu kwa muuza michembe, akapiga magoti, akakata viatu. Mizizi ilikuwa imetoka visiginoni, myeupe kama mihogo, ikatoboa soli na kuzama ardhini.

"Nilikuambia hotuba zako ni ndefu, Baba Elia," alisema.

Mkulima mmoja, mzee Shigela, akaja akautikisa mguu kama anayejaribu mche. "Imeshika," akasema. "Udongo wa mbuga ukishika haurudishi." Kisha akarudi kwa mbuzi wake.

Muda wa kampeni wa siku hiyo ulipokwisha, polisi wakafika.

"Mheshimiwa, tawanyika."

"Natawanyika, afande. Ila naelekea chini."

Afande akachungulia, akaridhika kwamba amri inatekelezwa, akaondoka.

Esteria alihamishia kitanda na duka pale mnadani, akatundika turubai. Alimlisha mumewe ugali, akamfunika blanketi akiwa amesimama. Kwamba anamkosa kitandani alilisema mara moja tu, huku amempa mgongo, akipanga minyororo ya baiskeli.

Haukupita muda mrefu, mzizi mmoja ukachomoza Ngulyati, jikoni kwa mjane aitwaye Ng'washi, kando ya mafiga. Ng'washi akaujua mara moja.

"Mwadila, ng'wana Ravji," akauamkia, akaumwagia maji aliyooshea mchele.

Kule Dutwa, Dinesh alikatiza maongezi. "Mwadila, mayu. Asante."

"Unaongea na nani?" Esteria akauliza.

"Mama Ng'washi. Anapika mlenda."

Ndipo Kasmiri Mboje, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alipoweka pingamizi kwamba Dinesh si mwenyeji. Kamati ya Asili za Wagombea ikamwita Bariadi. Hakuweza kwenda, hivyo kamati ikaja, na magari na mwamvuli. Chini ya mwamvuli alikuwa mwenyekiti, Bi Violeth Josia.

"Asili yako ni wapi?" aliuliza.

Dinesh akaitazama miguu yake. Wajumbe nao wakaitazama.

"Jibu kwa mdomo."

"Hapa."

Kamati ikaagiza pachimbwe. Vibarua walichimba wakaikuta mizizi imepita chini ya zizi, chini ya makanisa mawili, chini ya mashamba ya watu waliompigia kura na ya watu waliomtukana. Kila jembe lilipogusa, Dinesh alisema, "Taratibu, jamani." Jasho lilimtoka, na Esteria alimshika mkono mpaka walipomaliza.

Bi Violeth alisoma uamuzi. Kamati imeiona mizizi, na wajumbe wawili wamejikwaa kwayo. Hata hivyo, mzizi mmoja umeelekea mashariki, na India iko mashariki.

"Mashariki ni Bariadi, mama," Esteria akasema. "Ndiko alikozaliwa."

"Na baada ya Bariadi?" Bi Violeth akauliza kwa upole.

"Serengeti."

"Na baada ya Serengeti?"

Jina la Dinesh likaondolewa.

Kasmiri Mboje akapita bila kupingwa, akaja Dutwa kushukuru. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na hema la wageni lilitaka kupaa. Waandaaji wakatafuta kitu imara, wakafunga kamba kiunoni kwa Dinesh. Mbunge alizungumza kwa kirefu juu ya sisi wenyeji, na hema halikutikisika.

Alipomaliza alimwendea Dinesh, akampa mkono kwa moyo mweupe kabisa.

"Karibu sana Dutwa, ndugu yangu," alisema. "Jisikie uko nyumbani."

"Asante, mheshimiwa," akajibu Dinesh, aliyekuwa amelelewa vizuri.

Magari yakaondoka. Esteria akamfungua ile kamba. Ilikuwa imemchubua.

"Unamshukuru nini sasa?"

Dinesh akafikiri. "Amenikaribisha."

Esteria akachukua ndoo. Jua lilikuwa limeupasua udongo kuzunguka visigino vya mumewe. Akamwaga maji kidogo, akangoja ardhi iyanywe, akamwaga tena.