Kichwa cha Mwalimu

Benedicta alikuwa ameisingizia sumaku kwa miezi. Kila picha ya ubongo wa baba yake, Mwalimu Projestus, ilipinda karibu na sikio, pale pale kumbukumbu zinapokaa, na mama yake alipomuuliza kama mzee ameanza kusahau, alijibu kwamba picha haisomeki. Haikuwa uongo. Sumaku ya mashine ya picha katika kituo cha utafiti anakofanya kazi, pale Kawe, ina nguvu kupindukia. Inafuata hata mwendo wa maji kwenye nyuzi za ubongo, ila ikikaribia hewa ya sikioni inavuruga kila kitu.

Dawa aliitafuta mwenyewe. Unapiga picha mbili, moja ipinde huku, nyingine ipinde kule, halafu kompyuta inatafuta ukweli katikati. Sharti ni kichwa kisitikisike.

Hapo adabu ikaharibu kazi. Fredrick, mwendesha mashine, alilelewa vizuri mno. Kabla ya kila picha alishika maikrofoni: "Shikamoo, Mwalimu. Tunaanza." Na Mwalimu, chali ndani ya tundu la mashine, akatikisa kichwa kwa heshima zote: "Marahaba, mwanangu! Hujambo? Nyumbani wazima?"

Picha ikaharibika. Wakarudia, ikaharibika tena.

"Fredrick, acha kumwamkia."

"Sasa dada, mie nimwambieje mzee wa watu? 'Tulia'? Kama mbuzi?"

"Usimwambie kitu."

"Mtu mzima kabisa nimnyamazie! Hiyo laana utaibeba wewe."

"Nitaibeba."

Wakanyamaza. Mashine ikagonga na kunguruma. Mwalimu, kwa kukosa wa kumjibu, akatulia tuli. Kompyuta ikaunganisha picha mbili, na kwenye skrini ikatokea moja safi ambayo kituo hakijawahi kuona mfano wake. Fredrick akapiga makofi.

Karibu na sikio, nyuzi zilizotakiwa kujaa zilikuwa zimekonda na kukatikakatika, kushoto na kulia. Benedicta alipima upya. Safari hii hapakuwa na wa kumsingizia. Alitamani picha ipinde tena, na akajionea aibu kwa kutamani hivyo.

Mwalimu alitoka akitafuta viatu vyake.

"Imetoka?"

"Imetoka, baba. Nzuri kuliko zote."

"Nilijua tu. Basi nichapie kubwa, niitundike sebuleni. Majirani zetu wa Sinza waje waone kichwa cha mwalimu kinavyokuwa."

Benedicta alisema atamchapia, akainama kumfungia kamba za viatu, na hakuinua uso mpaka alipomaliza.