Ritifaa katika Jina la Ng'wandu

Specioza Rwegasira ndiye aliyeandika mfumo wa kutunza majina ya wagonjwa katika kituo kimoja cha afya kule Ilemela, Mwanza, na kwa miaka mitatu alijivunia kazi hiyo. Aliuandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa Talin. Talin haina mwenyewe. Ni lugha huria, imejengwa na watu wa nchi nyingi wanaojitolea, na yeyote anaweza kuichukua bure, akaifungua aone ilivyo ndani, na hata kupendekeza ibadilishwe. Specioza, binti wa mkulima wa kahawa wa Muleba, alilipenda hasa hilo la mwisho. Aliwahi kumwambia Khalidi, mwenzake wa chumba kimoja kazini, kwamba Talin ni kama kibanja cha ukoo: kila mtu ana haki ya kusema mgomba upandwe wapi.

Khalidi alicheka. "Dada, hata kwenye ukoo kuna wanaosikilizwa na kuna wanaoachwa waongee tu."

Mwezi wa pili, mwaka juzi, akina mama wawili walipimwa saratani ya shingo ya kizazi katika wiki moja. Mmoja alikuwa Suzana Ng'wandu wa Usagara, mke wa fundi seremala Yeremia Ng'wandu. Mwingine alikuwa Suzana Ng'habi wa Mkolani. Talin ina kanuni moja ya tangu ilipoanza: ikikutana na ile alama ndogo ya juu, ambayo walimu wa shule huiita ritifaa, inahesabu kwamba neno limeishia hapo. Walioitunga hawakuwahi kumsikia Msukuma akijitambulisha. Majibu yalipotoka kwenye mashine ya maabara kuingia kwenye mfumo wa Specioza, wanawake wote wawili walikuwa Suzana Ng. Majibu yakabadilishana.

Suzana wa Mkolani aliambiwa ana saratani. Alilia wiki mbili, akaombewa, akaenda kupimwa upya kwingine, akakutwa mzima. Alisimama kanisani akashuhudia uponyaji wake, watu wakapiga vigelegele. Nani angerudi kituoni kuuliza maswali juu ya muujiza? Suzana wa Usagara aliambiwa yuko safi, akaendelea kuuza vitumbua vyake. Alirudi baada ya miezi minane, amekonda na anatokwa damu. Daktari alifungua majibu ya zamani, akayasoma, akamwita Specioza.

Specioza aliifuata njia ya majibu yale hatua kwa hatua kuanzia asubuhi. Saa kumi jioni alipaona mahali jina lilipokatwa. Ulikuwa mstari wake mwenyewe, aliouandika kwa mkono wake, na alikuwa ameupitia mara nyingi bila kuona kitu.

Kurekebisha mfumo wa kituo kulimchukua yeye na Khalidi siku moja. Lakini mfumo wa kituo haukuwa peke yake. Majina yalitoka maabara, yakaja kwao, yakaenda duka la dawa, yakaenda kituo kingine mgonjwa akihamishwa, na huko kote kulikuwa na programu za watu wengine zilizoandikwa kwa Talin. Kila moja ililikata jina upya.

"Tumeziba jicho moja la nyavu," Khalidi alisema.

"Basi tuende kwa wanaosuka nyavu," alijibu Specioza.

Mganga mkuu wa kituo, Dokta Florian, aliiambia familia ya Ng'wandu kwamba kulitokea hitilafu ya mashine. Specioza hakuridhika na neno hilo. Jumamosi moja alikwenda Usagara. Alimkuta Yeremia uani anapiga randa mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alimweleza yote, akiwa amesimama. Alisema mfumo aliuandika yeye, na kosa ni lake. Yeremia aliweka randa chini, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ni jina letu lililomponza," alisema.

"Hapana, baba. Ni kompyuta."

"Kompyuta ilikwama kwenye nini?"

Kutoka ndani, Suzana aliuliza kwa sauti ya kuchoka ni nani aliyekuja, akaambiwa. Kisha akasema, "Mwambie akae, anywe chai." Specioza alikaa, akainywa ile chai mpaka ikaisha.

Alipoaga alisema, "Nitawaandikia wenye lugha ile waibadilishe."

"Wako wapi?"

"Kila mahali, baba. Ulaya, Amerika, India."

"Watakubali?"

"Nitawaeleza vizuri."

Aliwaeleza vizuri. Pendekezo lake lilikuwa la kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza alichokipitia mara nne ili pasiwe na kosa hata moja la kuchekwa nalo. Aliomba kitu kimoja: ritifaa ikiwa katikati ya herufi mbili, Talin iihesabu kuwa sehemu ya neno. Aliweka mifano ya majina ya Kisukuma. Akaongeza kwamba hata katika Kiswahili chenyewe, lugha ya mamilioni ya watu, Talin ikimkuta ng'ombe inamchinja vipande viwili. Mwishoni aliandika aya moja kuhusu Suzana, bila kumtaja jina.

Majadiliano yalifunguliwa hadharani, kila mtu aweze kusoma na kuchangia. Wiki ya kwanza ilimpa moyo. Mwanamke wa Ukraine, Oksana, aliandika kwamba lugha yao nayo ina alama hiyo katikati ya maneno, na wamekuwa wakiteseka kimya kimya kwa miaka. Specioza aliyasoma maoni yale kwa sauti, Khalidi akapiga meza.

Kisha wakaja wengine. Mmoja alisema programu zaidi ya milioni moja zinaitegemea kanuni ile ilivyo, na ikibadilishwa zitavunjika. Mwingine aliuliza ni watu wangapi hasa wanaoathirika, na kama kuna takwimu. Wa tatu alieleza kwamba ipo alama nyingine, inayofanana kabisa na ritifaa kwa macho, ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi. Wasukuma waitumie hiyo.

"Iko wapi kwenye kibodi?" aliandika Specioza.

Hakuna aliyemjibu hilo. Walihamia kwenye hoja nyingine.

Mwenyekiti wa kamati inayoamua mabadiliko ya Talin alikuwa Marit, mwanamke wa Norway, mpole na mwenye subira. Alimwandikia Specioza faraghani: kisa cha mgonjwa kinasikitisha sana, lakini kinawafanya watu waogope kupinga, na hoja zinapaswa kubaki za kiufundi. Je, angeweza kuiondoa aya ile?

Specioza alikaa na barua hiyo siku mbili. Alifikiri kwamba akionekana mkaidi atapoteza kila kitu. Akaiondoa.

Suzana alifariki mwezi wa tatu mwaka jana, pendekezo likiwa na maoni mia mbili na arobaini. Specioza alikwenda mazishini, akakaa nyuma na wanawake wa jirani. Yeremia alikuwa amelitengeneza jeneza mwenyewe. Alipomwona Specioza aliinamisha kichwa kumsalimu, akauliza, "Wale watu wamesemaje?"

"Bado wanajadiliana, baba."

"Ee," alisema, akaendelea kupokea pole.

Kamati ilikutana mtandaoni mwezi wa tisa. Kwa saa za Mwanza ilikuwa saa kumi na moja jioni. Specioza aliogopa umeme ungekatika, mtandao ungesumbua, Kiingereza kingemtoroka. Hakuna kilichotokea. Umeme ulikuwepo, sauti ilikuwa safi, alipewa dakika kumi akazitumia zote, na wajumbe wote watano walimsikiliza. Hakupata hata kitu cha kukilaumu.

"Umeeleza vizuri kuliko yeyote aliyewahi kuja hapa," Marit alisema. "Hakuna anayebisha kwamba tatizo lipo. Swali ni nani aubebe mzigo wa kulirekebisha. Tukibadilisha kanuni, tunawavunjia kazi watu wengi ambao hawajui hata kwamba mjadala huu upo."

"Na sisi hatukujua kwamba kanuni hii ipo," Specioza alisema. "Mliipitisha bila sisi, na tukavunjikiwa."

"Ni kweli," alisema Marit. "Na samahani kwa hilo."

Walipiga kura. Wanne walikataa, mmoja alikubali. Kwenye ukurasa wa pendekezo, pale juu palipokuwa pameandikwa *Linajadiliwa*, pakaandikwa *Limekataliwa*, na chini yake ushauri kwamba kila mwandishi wa programu alishughulikie jambo hilo upande wake.

Khalidi alikuwa amesimama nyuma ya kiti muda wote. "Samahani, dada," alisema.

"Walikuwa na adabu, Khalidi. Kama wangenitukana ningejua pa kuanzia."

Oksana alimwandikia kwamba baada ya miaka mitano kamati itakuwa na watu wapya, wajaribu tena pamoja. Specioza alianza kumjibu mara tatu. Barua ile mpaka leo haijajibiwa.

Mwezi uliofuata Dokta Florian alitoa tangazo: kuanzia siku hiyo, majina yote kituoni yaandikwe bila ritifaa. Specioza alimfuata ofisini kwake.

"Dokta, Ngwandu na Ng'wandu si jina moja. Hata kulitamka ni tofauti."

"Najua, mama. Lakini wewe mwenyewe umepigana mwaka mzima, umepata nini? Mimi sitaki Suzana wa pili." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, na Specioza akatoka bila kubishana.

Wiki za mwanzo wahudumu waliita majina na wenyewe wakakaa kimya kwenye benchi, hawajui kama ni wao. Baadaye walizoea. Waliitwa vibaya, wakaitika.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mhudumu wa mapokezi alikuwa na msiba, Specioza akamshikia nafasi. Akaja Yeremia, pamoja na mkwewe Queen aliyebeba mtoto mchanga wa kike, wamekuja kumwandikisha kwa ajili ya chanjo. Walisalimiana. Yeremia alikuwa amezeeka kwa muda mfupi.

"Hongera, baba. Mtoto anaitwa nani?"

"Brightness."

"Brightness nani?"

"Brightness Pius," alisema Yeremia. Pius alikuwa mwanawe. "Pius Yeremia. Liishie hapo."

Mkono wa Specioza ulisimama juu ya kibodi. "Na jina la ukoo?"

"Hilo liache."

"Baba, tunaruhusiwa kuandika Ngwandu, bila ile alama. Wengi ndivyo wanavyofanya."

"Huyo Ngwandu ni nani?" Yeremia aliuliza. Hakuwa na hasira. "Mimi simjui. Babu yangu hakuitwa hivyo. Bora mtoto akose kuliko apewe la mtu asiyekuwepo. Hata cheti cha kuzaliwa tumeandika hivyohivyo."

Queen alikuwa anamrekebisha mtoto khanga, hakuinua macho.

Specioza alitaka kusema kwamba mfumo wa kituo hiki, huu mmoja, unaweza kulipokea jina lao lilivyo, kwamba aliurekebisha mwenyewe. Lakini alijua mtoto huyu angehamishwa siku moja, angepimwa damu, angeandikishwa shule, na kila mahali angekutana na kompyuta nyingine. Aliandika *Brightness Pius Yeremia*. Mfumo ulipokea mara moja. Akachapa kadi, akampa mzee.

Yeremia alivaa miwani, akaisoma herufi kwa herufi, kidole kikifuata.

"Iko sawa," alisema. Akampa Queen ile kadi, wakaenda kukaa kwenye benchi na akina mama wengine, kungoja kuitwa.