Mtego wa Wagenia Mtaroni

Kwenye mtaa anaoishi mama mmoja, Chimène, mawingu yakitanda juu ya Kisangani, watu hawakimbilii kuanua nguo. Wanakimbilia ndoo za taka! Kila nyumba humwaga zake mtaroni ili mvua izibebe bure. Izipeleke wapi? Hapo hakuna anayeuliza. Zinaziba mtaro kule bondeni, na maji machafu yanafurika ndani ya chemchemi ambayo watu hao hao huchota maji ya kunywa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Msimu uliopita Tania, binti wa Chimène, alikunywa maji hayo akaharisha hadi macho yakazama. Alipopona, Chimène alikwenda kwa mjomba wake Eddy, mvuvi wa Wagenia, wale wanaotega samaki kwenye maporomoko ya mto, akarudi amejitwika mtego wa samaki, ule mkubwa wa fito. Akaukaza mtaroni, upande wa juu wa chemchemi, ili unase taka, na kamba yake akaifunga kwenye nguzo ya ghala la Papa Néhémie, mfanyabiashara kutoka Butembo.

"Mvua moja tu," Néhémie alimwambia. "Maji ikiingia mu dépôt yangu, nakata."

Jumamosi mchana mvua ikaja, na si ya mchezo. Ndoo zikatoka, taka zikashuka, na kufumba na kufumbua mtego ukajaa chupa na mifuko. Maji yakakosa njia, yakapanda, yakalamba kizingiti cha ghala. Néhémie akatoka na panga.

"Nilikuambia!"

Chimène akaitazama kamba. Kamba ikikatwa, taka zote zingeshuka kwa mkupuo hadi bondeni. Ndipo akakumbuka: kule kwenye maporomoko, Eddy hangoji mtego ushibe. Huuinua, akaumwaga, akaurudisha. Akaruka mtaroni, maji yakamfika kiunoni.

"Haikatwake, papa! Inainuliwaka! Vuta!"

"Mimi? Na hii shati?"

"Bon, kata basi. Kesho utakunywa nini?"

Néhémie akatazama bondeni. Akatupa panga, akashika kamba, akavuta. Mtego haukutikisika.

"Munaangalia nini? Mukuye!" akawafokea majirani waliojibanza barazani.

Wakaja mbio. Mmoja alikuwa bado na ndoo yake ya taka, akaiweka chini kwa aibu. Haya, vuta! Mtego ukapanda, ukamwagwa kando ya barabara, ukarudishwa. Ukajaa tena, wakauinua tena. Mara ya tano watu walikuwa wanaimba, matope hadi kwenye nyusi, na maji yalikuwa yameondoka kizingitini. Chimène alifurahi hadi akasahau baridi.

Mvua ilipokatika, wote waliteremka chemchemini. Mtaro ulipita kando yake, ukienda zake mtoni. Ndani ya chemchemi, kokoto za chini zilionekana moja moja. Chimène akapiga vigelegele, akamkumbatia Tania kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Néhémie akainama, akakinga viganja, akanywa. Akajifuta mdomo kwa lile shati ambalo asubuhi lilikuwa jeupe, kisha akatazama juu.

"Alors," akauliza, "mvua ingine inakuya lini?"